Harsha si Chapati: Juu ya Kuviita Vyakula vya Wenzetu kwa Majina ya Kuazima

Ndugu walimu wa Kiswahili, katika ufundishaji wetu umezagaa mtindo ambao, kwa kuwa ni mdogo na haupigi kelele, umeachwa uote mizizi. Kila somo linapotaja chakula cha Waafrika wenzetu walio mbali nasi, mtungaji wa somo hakiendei chakula chenyewe. Hukiendea kitabu cha Mzungu, akakuta humo chakula hicho kimefananishwa na kitu cha Ulaya au cha Marekani, naye akautafsiri mfano huo kwa Kiswahili kana kwamba ndilo jina. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Bukavu, Bujumbura, Kigali au Kampala hulichungulia jiko la Mwafrika wa kaskazini kwa kupitia dirisha la nyumba ya mtu mwingine. Makala haya yanakusudia kuupinga mtindo huo. Na ili hoja isiwe ya maneno matupu, nitashika mfano mmoja, tena wa kitu cha kila siku: mkate wa Moroko uitwao harsha.

Wapo watakaocheka, waseme, "Ni mkate tu!" Waacheni wacheke. Lugha haipotoshwi na maneno makubwa peke yake. Maneno makubwa yana mabaraza ya kuyatetea na kamusi za kuyahifadhi. Maneno madogo ya jikoni na sokoni hayana mtetezi ila mwalimu, na mwalimu akilala, yamelala nayo.

Harsha ni kitu gani

Harsha ni mkate bapa wa mviringo, usiozidi sana unene wa kidole, unaotengenezwa kwa suji, yaani chenga za ngano ngumu. Ngano hiyo si ile itoayo unga mweupe wa maandazi. Punje yake ni ngumu, rangi yake ni ya manjano iliyopauka, na isagwapo kwa kiasi huvunjika kuwa chembe badala ya kuwa vumbi. Wamoroko huziita chembe hizo smida. Kwa nafaka hiyo hiyo hutengenezwa kuskusi, ambayo maarifa na desturi zake ziliingizwa mwaka 2020 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la pamoja la Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia.

Mpishi hutia suji katika bakuli pamoja na chumvi, sukari kidogo na poda ya kuumulia, kisha siagi iliyoyeyushwa au mafuta. Huifikicha suji kwa viganja mpaka kila chembe ivae mafuta. Ndipo hutia maziwa, au mtindi, au maji, akachanganya kwa mkono mwepesi na kuacha dakika chache ili chembe zinywe. Hafanyi haraka, lakini hakandi. Baada ya hapo hukata madonge, huyabonyeza yakawa bapa, huyagaragaza katika suji kavu, na kuyaweka juu ya kikaango bapa chenye moto wa wastani. Mkate hukaa hapo taratibu mpaka upande wa chini upate rangi ya dhahabu, kisha hugeuzwa. Wengine hufanya mkate mmoja mkubwa wa kuenea kikaango kizima, wakaukata vipande wakati wa kula. Wapo pia wachanganyao chenga za shayiri.

Utokapo motoni, mkate huo hukwaruza kwa nje na kumeguka kwa ndani. Jina lake ndilo linalosema hivyo, kwa kuwa limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kinachokwaruza, kisicho laini kwa kugusa. Huliwa asubuhi na alasiri pamoja na chai ya kijani iliyotiwa nanaa, ukapakwa siagi na asali, au ukaambatana na jibini laini iitwayo huko jben. Wakati wa Ramadhani huonekana pia katika chakula cha kufungulia saumu, ambacho Wamoroko hukiita ftur. Msomaji bila shaka amekwisha tambua kwamba jben na jibini, ftur na futari, ni maneno ya ukoo mmoja. Hatuwatembelei wageni, basi. Twawatembelea watu ambao baadhi ya maneno yao tayari yamo midomoni mwetu.

Majina matatu ya uongo

Jina la kwanza tunalolisikia ni "chapati ya Kimoroko". Hebu tulipime. Chapati hutengenezwa kwa unga laini. Unga huo hukandwa mpaka unavutika, husukumwa kwa kijiti, hupikwa kwa mafuta yanayotiwa kikaangoni, na chapati njema husifiwa kwa ulaini wake na kwa matabaka yake. Harsha haitumii unga laini, haikandwi, haisukumwi, haitiwi mafuta kikaangoni, na haina matabaka. Ukiivuta haivutiki, humeguka. Vitu viwili vinavyopishana katika mambo yote hayo vyaitwaje kwa jina moja? Eti kwa sababu vyote viwili ni vya mviringo? Basi na sinia nayo ni chapati!

Na lililo baya zaidi ni kwamba Moroko kuna mkate mwingine unaokaribiana na chapati yetu kwelikweli, nao ni msemen. Donge lake hutandazwa kwa mkono likawa jembamba mno, likapakwa mafuta, likakunjwa mraba na kuwekwa kikaangoni. Kuna pia baghriri, ambayo hutokana na rojo ya suji iliyoumuka, huokwa upande mmoja tu, na upande wa juu hujaa vitundu visivyo na idadi. Msomali akiiona atakumbuka anjera yake. Mwalimu aliyekwisha iita harsha chapati ataiitaje msemen? Na baghriri je? Chapati ya pili na chapati ya tatu? Mtu anayetumia neno moja kwa vitu vitatu hajaitajirisha lugha kwa neno. Ameifukarisha kwa mawili.

Jina la pili ni "mkate wa mahindi wa Moroko". Hapa kosa si la mfano tu, ni la ukweli wenyewe. Vitabu vya upishi vya Kimarekani hupenda kuwaambia wasomaji wao kwamba harsha inafanana na mkate wao wa mahindi, kwa rangi yake ya manjano na kwa kumeguka kwake. Mwandishi wa Kimarekani aliandika kwa Wamarekani, na alikuwa na haki ya kuwapa mfano wanaoujua. Mfasiri wetu ndiye aliyelitupa neno "kama" njiani, na alipofika nyumbani akajikuta amebeba mkate usio na hata punje moja ya ngano. Mwanafunzi akiufuata mkate huo jikoni, atachukua unga wa sembe, atapika kitu kingine kabisa, kisha atadhani Wamoroko hawajui kupika. Na mtu ambaye mwili wake haupatani na ngano, nao wapo, ataambiwa kwamba mkate huu ni salama kwake, kumbe ni ngano tupu. Neno lisilo sahihi laweza kumlaza mtu kitandani.

Jina la tatu ni "mafini ya Kiingereza". Hili sitalizungumza sana. Mwanafunzi wa Kisangani hajala harsha, na yamkini hajala mafini ya Waingereza. Kumfasiria kimoja kwa kingine ni sawa na kumwelekeza mgeni njia kwa kumtajia mti uliokwisha katwa.

Sisi wenyewe tunaujua uchungu wa jambo hili. Ni mara ngapi tumesoma katika vitabu vya wageni kwamba ugali ni "uji mzito"? Mwenye kuula, awe anauita ugali, au bukari kama huko Lubumbashi, au posho kama huko Kampala, au ubugari kama huko Bujumbura, anajua kwamba uji hunywewa na ugali humegwa, na kwamba mgeni akiandaliwa uji mahali pa ugali, hajakaribishwa chakula cha mchana. Tunanung'unika, na tuna haki. Lakini tunawezaje kudai haki kwa ugali wetu huku tukiinyima harsha ya wenzetu?

Vitenzi tunavyo, hatuvitumii

Ugonjwa huu haukuishia kwenye majina. Umeingia hata katika vitenzi. Vitabu vya kigeni husema kwamba harsha "hukaangwa", na mfasiri huandika hivyo hivyo bila kujiuliza. Lakini kukaanga kwa Kiswahili kuna njia mbili zinazojulikana. Ama kitu hukaangwa kwa mafuta, kama samaki, ama hukaangwa pakavu huku kikikorogwa, kama karanga na buni. Harsha haimo katika njia hizo. Mafuta yake yamo ndani ya donge, hayamo kikaangoni, na mkate haukorogwi. Kitenzi kinachostahili ni kuoka: harsha huokwa juu ya kikaango. Anayesema "huchomwa", kama watu wengi wasemavyo juu ya chapati, naye hajakosea sana. Mwenye kusema "hukaangwa" amempa mwanafunzi sufuria ya mafuta yanayochemka, na mkate utamsambaratikia humo.

Ni vivyo hivyo kwa kukanda. Anayekanda hukusudia unga ushikamane na kuvutika. Katika harsha, mpishi hukusudia kinyume chake: huzivika chembe mafuta kwanza ili maji yasiziunganishe mno, na mkate upate kumeguka. Kiswahili kina neno la kazi hiyo, nalo ni kufikicha. Ni neno zuri, la zamani, linalojulikana na kila aliyewahi kupukuchua nafaka kwa viganja. Twalipita kwa sababu kitabu tulichokifungua hakikuwa nalo. Ikiwa mwalimu atafundisha harsha kwa haki, katika somo moja wanafunzi wake watajifunza tofauti ya kukanda na kufikicha, ya kukaanga na kuoka, ya unga na chenga, ya kukatika na kumeguka. Je, somo la lugha lataka nini zaidi?

Herufi nazo zina asili

Sasa niwageukie hasa walimu wa nchi zetu jirani, ambazo baadhi zilisomeshwa kwa Kifaransa na baadhi kwa Kiingereza. Katika maandishi mengi ya Ulaya jina la mkate huu huandikwa "harcha", kwa ch. Tahajia hiyo si ya Wamoroko. Ni ya Wafaransa, walioishikilia sehemu kubwa ya nchi hiyo tangu 1912 hadi 1956. Mfaransa aandikapo ch hutamka sh, na akitaka sauti ya ch huandika tch, kama anavyoiandika nchi ya Chadi. Mji mmoja wa milimani kaskazini mwa Moroko Wafaransa waliuandika Chefchaouen, na Waspania waliotawala upande huo wakauandika Xauen. Herufi ni mbili, sauti ni moja tu, nayo ni sh.

Sasa liweke neno "harcha" katika kitabu cha Kiswahili. Mwanafunzi wa Bujumbura, aliyezoea Kifaransa, atalisoma kwa sh. Mwanafunzi wa Kampala atalisoma kwa ch ya chai na chumvi. Kitabu kimoja, lugha moja, mikate miwili! Na ni nani aliyewagawanya? Si Kiswahili. Kiswahili kina sh yake, na kimeitumia kwa maneno ya Kiarabu kwa karne nyingi: sheria, shukuru, sharti. Sauti ya kwanza ya jina hili nayo ni ile h ya kooni ambayo sisi huifanya h ya kawaida, kama katika haki na hesabu. Kwa hiyo njia ya neno hili imekwisha chongwa zamani. Litaandikwa "harsha", litaingia katika ngeli ile ile ya chapati na sambusa, tutasema harsha hii imeiva na harsha hizi zimeiva, na mwanafunzi wa Goma na wa Mbarara watalitamka sawasawa. Hapana sababu hata chembe ya kulipitisha Paris neno linalotoka Rabat kuja kwetu.

Majibu kwa wapinzani

Najua majibu matatu yatakayoletwa.

La kwanza ni kwamba tutaijaza lugha maneno ya kigeni. Wenye kusema hivi wakisha kusema, huketi wakaagiza pilau, sambusa na chapati, na katika maneno hayo matatu hakuna lililozaliwa pwani. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno linaloingia pamoja na kitu chake, likavaa sauti zetu na kufuata sarufi yetu, haliiharibu lugha. Kinachoiharibu ni jina la kitu kimoja kubandikwa juu ya kingine, kwa maana hapo tunapoteza viwili kwa mpigo: hatukijui kipya, na cha zamani kimetiwa ukungu.

La pili hutoka upande wa pili, kwa wale wapendao kubuni. Wao wangetaka tuseme "mkate mkwaruzo" au kitu cha namna hiyo. Kubuni ni kazi njema pale ambapo kitu hakina mwenyewe, au pale ambapo jina la asili halitamkiki. Harsha ina mwenyewe, na inatamkika. Maelezo na yawe ya Kiswahili safi. Jina tuwaachie walioupika mkate. Mtoto hapewi jina na jirani wakati baba na mama yake wako hai.

La tatu ndilo zito. Husemwa kwamba mwanafunzi hawezi kujifunza kitu asichokijua ila kwa kufananishiwa na anachokijua. Hili ni kweli, wala siupingi mfano. Ninaloupinga ni mfano kunyakua kiti cha jina. Na kwa hili tunaye mwalimu mkongwe, tena Mmoroko. Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier mwaka 1304, alifika katika pwani yetu mwaka 1331, akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na safari zake zikaandikwa katika kitabu kilichokamilika mwaka 1355. Alipokula Mogadishu, alieleza kwamba waliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Jina la vitoweo hivyo, kushan, alilitaja kama alivyolisikia, ingawa wasomaji wake wa Fez hawakuwa wakilijua. Alipofika Mombasa alikuta tunda liitwalo jammun. Alisema linafanana na zeituni, na kokwa yake ni kama ya zeituni, ila tunda lenyewe ni tamu mno. Tazameni ustadi huo! Jina alilitaja. Mfano aliutoa katika kitu wanachokijua watu wa kwao. Tofauti akaieleza papo hapo, ili mfano usije ukala kitu. Hakuandika kwamba Mombasa kuna "zeituni tamu".

Mtu huyo aliviheshimu vyakula vya pwani yetu yapata miaka 700 iliyopita. Je, si aibu kwamba sisi, wenye shule, kamusi na vyama vya walimu, tunashindwa kumrudishia Mmoroko heshima ile ile kwa mkate wake?

Yatupasayo

Jambo hili si la kungoja. Mwezi wa Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya kazi. Moroko, iliyojitoa katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1984, ilirudi katika umoja wa bara hili mwaka 2017. Maana yake ni kwamba Kiswahili sasa kinatakiwa kuwazungumza Waafrika ambao hawakizungumzi. Lugha ya bara zima haiwezi kuwa lugha inayowatambua watu kwa picha zilizopigwa na wengine. Tukiwaita kwa majina yao, watakuja. Tukiwaita kwa majina ya Ulaya, watajiuliza kwa nini wajifunze Kiswahili, na wasiishie kwenye Kifaransa wanachokijua tayari.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu tushike mambo matatu. Kwanza, kila chakula cha Waafrika wenzetu kitajwe kwa jina lake, kwa tahajia ya Kiswahili inayofuata sauti ya wenyewe, si herufi za mtawala wao wa zamani. Pili, kielezwe kwa vitu vinavyotiwa ndani yake na kwa kazi ya mikono inavyofanyika, na vitenzi vichaguliwe kwa kukitazama kitu chenyewe. Tatu, mfano ukitolewa, utolewe katika maisha ya mwanafunzi, neno "kama" lisiachwe nje, na tofauti itajwe kabla sentensi haijafungwa. Mwalimu wa Kigali aweza kusema: harsha ni mkate bapa wa chenga za ngano, huokwa kikaangoni kama chapati, lakini haukandwi, nao humeguka. Maneno hayo hayafiki 20, na ndani yake hamna uongo.

Asiyekubaliana nami na aandike. Kurasa hizi ni za mjadala, wala sidai kwamba neno langu ndilo la mwisho. Lakini ajapo kuandika, asije na kitabu cha Mzungu mkononi akisema, "Humu imeandikwa hivi." Na aje na suji, siagi na kikaango, aupike mkate, aumege, kisha atuambie kama alichokishika ni chapati.